Mbuzi wa Bokoli

Jotham Sitati hakuwa mtu wa kumaliza wimbo. Akisikia mstari wa kwanza, mguu unaanza kutingika. Mstari wa pili, penseli imeshatoka nyuma ya sikio. Kabla kiitikio kifike, kidole kimebonyeza kitufe, kaseti imetoka, nyingine imeingia.

"Nimesikia," anasema. "Ifuatayo!"

Hiyo ilikuwa 1984, Kitale. Jotham alikuwa ameandikwa kwa duka moja la kurekodi kaseti. Kutwa nzima ni kunakili nyimbo za watu, ubao wa juu kaseti zilizojaa, ubao wa chini kaseti tupu. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine. Gazeti moja dogo la kila Ijumaa lilikuwa limempa nusu ukurasa, unaitwa "Sikio la Kitale," na hiyo nusu ukurasa, bana, ilikuwa inauma. Alisema nani anapiga gitaa na nani anakuna waya tu. Watu wa bendi wakimwona barabarani wanavuka upande ule mwingine, halafu jioni hao hao wanamnunulia soda.

Siku moja mchana akaingia msichana, viatu mkononi, vumbi mpaka magoti. Alifungua kitambaa cha kichwa akatoa kaseti moja, ameifunga kama yai.

"Wewe ndiye Sikio?"

"Inategemea ni nani anauliza."

"Naitwa Nekoye. Nimetoka Bokoli. Papa yangu ni Nyukuri, yule wa litungu."

Jotham alimjua kwa jina. Nani hakumjua? Ukienda harusi upande wa Webuye, ukienda matanga, ukienda tohara ile miaka ya tohara, lazima utasikia watu wanauliza kama Nyukuri amefika na ile litungu yake ya nyuzi saba. Lakini hakuna mtu alikuwa amewahi kumweka kwa kaseti.

"Tumemrekodi sisi wenyewe nyumbani," Nekoye alisema. "Kuna watu wa Nairobi wa kutoa sahani za santuri, wamesema wakiona jina lake kwa gazeti, na gazeti limemsifu, watakuja kumchukua. Kwa hivyo tafadhali, kaka. Usikize yote. Huo wimbo wa kwanza anapasha tu vidole moto."

"Nitasikiza."

"Zote sita."

"Si nimesema nitasikiza? Enda nyumbani, dada."

Alisikiza nusu ya wimbo wa kwanza. Ijumaa ikafika na hii ndiyo iliyotoka: "Litungu ni chombo cha heshima, lakini mzee Nyukuri anaikimbiza kama mtu amefukuzwa na nyuki, na sauti yake ni ya kambuzi kamenyimwa titi. Watu wa Bokoli, fungeni mbuzi wenu."

Wee! Hiyo mstari wa mwisho ilitembea kuliko posta. Ilisomwa sokoni, ikasomwa kwa posho mill, ikasomwa kwa foleni ya benki Bungoma, walimu wakasomeana wakiwa chai ya saa nne. Wiki mbili tu, na watoto ambao hawajui hata gazeti ni nini wakawa wanasema, "Fungeni mbuzi wenu!" halafu wanalia meee, wanakimbia.

Nyukuri aliitwa harusi moja Mabanga mwezi huo. Akaketi, akaweka litungu kwa paja, akafungua mdomo. Kijana mmoja nyuma akasema meee. Watu wakacheka. Si sana. Lakini bibi harusi pia alicheka, na hiyo ndiyo ilimmaliza. Mzee akarudisha litungu kwa mfuko, akasalimia wenye boma kwa adabu zote, akatembea mpaka kwake. Litungu ikatundikwa ukutani. Watu wa Nairobi hawakukuja.

Na Jotham? Jotham alipanda. Gazeti kubwa lilitaka huyo jamaa wa mbuzi. Akaenda Nairobi, akakaa miaka mitatu, hakutulia, akarudi Kitale. Akaandika kitabu cha muziki, kutoka juu Kapsokwony mpaka chini kwa mto Nzoia, kikatoka 1990, na ile sura watu walikuwa wanasomeana kwa sauti ilikuwa gani? Si unajua. Mbuzi wa Bokoli. Alialikwa shule hii na shule ile kuisoma. Watoto wanacheka, walimu wanapangusa macho. Alikuwa anapenda hicho kicheko kama chai ya asubuhi.

Lakini kitabu nacho kikamchosha. "Kitabu hakiimbi," alimwambia Kimaiyo. "Nataka watu waone vidole."

Kimaiyo alikuwa mtu wa Kapsokwony, mrefu, hana haraka na kitu chochote hapa duniani. Alikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, na kazi yake ilikuwa kupiga harusi. Jotham alimtoa kwa harusi akamweka kwa filamu. Watu fulani wa Nairobi walikubali kusaidia, wakachagua na jina wenyewe: "Sikio Lisilokosea." Mabango yakachapishwa mapema, picha ya Jotham ameweka mkono kwa sikio, na tarehe chini: Desemba 1994, ukumbi wa Bungoma. Jotham alibandika moja kwa mlango wake mwenyewe. Kila akitoka anajiangalia.

Sasa, Agosti mwaka huo walikuwa Mabanga wakirekodi kijana mmoja wa litungu, Festus. Upepo ulikuwa unaingia kwa kamera, kwa hivyo Jotham akaweka redio kaseti karibu na kijana ichukue sauti safi kando. Kimaiyo aliangalia kale kataa kekundu ka redio.

"Hizi betri zimechoka, Sitati. Twende dukani."

"Duka iko wapi? Tutapoteza jua. Piga!"

Kesho yake, Kitale, wakachomeka ile redio kwa stima wasikie kazi yao. Festus akaanza kuimba. Kimaiyo akamwaga chai.

"Huyu ni Festus ama ni mtoto wake?" Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Skiza hiyo! Meee! Sitati, umepata mbuzi mwingine!"

Jotham hakucheka. Alisimama katikati ya nyumba, mkono hewani.

"Ni nini imefanya hivyo?"

"Si nilikwambia? Betri ikichoka, mota inavuta kaseti polepole ukirekodi. Sasa hapa kuna stima, inavuta mbio. Wimbo unakimbia, sauti inakuwa nyembamba. Hata wewe ukiongea kwa hiyo utakuwa mbuzi."

"Na ukicheza na betri zile zile zilizochoka?"

"Inakuwa sawa kabisa. Hapo mwenyewe hawezi kujua kitu. Anasikia ni yeye."

Mguu wa Jotham ulikuwa umesimama. Kimaiyo alikuwa hajawahi kuona huo mguu umesimama.

Jotham alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa mtu wa kutupa. Kaseti zote alizowahi kupewa zilikuwa kwa makatoni chini ya kitanda. Alivuta, akamwaga sakafuni, akapata. Mwandiko wa shule: "Nyukuri. Bokoli. Nyimbo 6." Akaiweka kwa stima. Kambuzi kamenyimwa titi, vile vile, miaka kumi. Akazima.

Akatoka mbio mpaka duka la Gachanja pale kona.

"Gachanja, nipe betri zilizochoka."

"Zilizonini?"

"Zilizochoka. Za redio. Zisiwe zimekufa, zimechoka tu."

Gachanja alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Mimi nauza mpya, bwana. Zilizochoka ziko kwa shimo la taka huko nyuma, jichukulie bure. Hii ndiyo mambo ya kuandika vitabu, si mnaona?" akawaambia wateja.

Mwandishi wa vitabu akaingia kwa shimo la taka la Gachanja, saa tisa mchana, watu wanaangalia. Akatoka na betri kumi na tisa kwa shati. Alipanga nne, akatoa mbili, akabadilisha moja, na Kimaiyo ameketi tu kwa kitanda, mpaka mseto mmoja ukashika.

Sauti ikashuka.

Ilikuwa nzito, imetulia, kama mtu anafungua mlango wa ghala kutoka ndani na hana haja ya kusukuma. Na litungu haikuwa inakimbia hata kidogo. Ilikuwa inatembea, inasimama, inaangalia nyuma, inatembea tena. Jotham aliketi sakafuni katikati ya kaseti. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili. Wa tatu. Wa sita ukaisha, kaseti ikajizima yenyewe, tak, na hiyo tak Jotham alikuwa karibu hajui inasikikaje.

"Sasa?" Kimaiyo akauliza.

"Filamu imebaki kidogo iishe."

"Sijakuuliza filamu."

Jotham alisimama, akaketi, akasimama. "Unataka nifanye nini? Hiyo bango imesema nini? Lisilokosea! Kitabu kinasomwa mashuleni. Hiyo mbuzi ndiyo iliniandika kazi, Kimaiyo. Nikisema ilikuwa ni betri, nitabaki na nini?"

"Basi nyamaza. Nani atajua? Mimi ni mtu wa harusi. Nimeona mengi kwa hizo harusi na sijasema."

Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwamba ingewezekana. Siku tatu Jotham alizunguka Kitale. Alienda stesheni ya treni hana safari, akarudi. Aliingia hoteli, akaitisha chai, akaacha chai. Kila mahali alisikia ile litungu inatembea, inasimama, inaangalia nyuma. Siku ya nne akang'oa bango kwa mlango, akaikunja, akaenda kwa Kimaiyo.

"Beba kamera. Tunaenda Bokoli."

Nekoye alikuwa na kibanda cha nyanya na mafuta taa kando ya barabara, na boma la baba yake lilikuwa nyuma yake tu. Alimtambua Jotham kabla ashuke. Alikuwa sasa mama wa watu, kitambaa kichwani, macho ni yale yale.

"Pita tu," alisema. "Tumefunga mbuzi wote."

Jotham alishuka.

"Mulembe, dada. Nimekuja kumwona mzee."

"Na kamera? Ile ya kwanza haikutosha?" Lakini aliwatangulia, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mlangoni akaita, "Papa, ni ile Sikio ya Kitale."

"Ikuje," sauti ikasema kutoka kivulini. "Lakini Sikio haina miguu. Imefikaje?"

Mzee Nyukuri alikuwa ameketi kwa kiti cha kamba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kwa paja, umekauka. Ugonjwa ulikuwa umempiga upande mmoja miaka mitatu imepita. Jotham aliangalia huo mkono, halafu akaangalia litungu ukutani, nyuzi mbili zimekatika, moshi umeipaka nyeusi, na akaelewa kwamba amechelewa. Hakuna vidole vya kupiga picha hapa. Hiyo kaseti ndiyo yote iliyobaki.

"Mzee, nimekuja kusema kitu. Sikujua kusikiza."

"Hiyo tulijua," mzee akasema. "Ingine?"

Jotham akatoa redio kaseti. Kwanza akaweka betri mpya, za dukani, akabonyeza. Kilio cha kambuzi kikajaa nyumba nzima. Nekoye akaziba mdomo. Mzee aliinama mbele, akasikiza kwa makini, halafu mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka!

"Ni mimi huyo? Ala! Hata mimi ningeandika hivyo. Na hiyo titi, kweli nimenyimwa!"

"Si wewe, Mzee. Ngoja." Jotham akatoa betri mpya, akaweka zile za shimo la taka. Moja ikaanguka, Kimaiyo akaokota. Akabonyeza tena.

Hakuna mtu alicheka. Mkono wa kushoto wa mzee ukapanda kwa goti, vidole vikaanza kutafuta nyuzi ambazo hazikuwepo. Mama wa jirani akasimama mlangoni na ndoo ya maji, hakuitua. Wengine wakaja nyuma yake. Wimbo wa pili, wa tatu.

Nekoye ndiye alisema, polepole, macho kwa ukuta: "Mawe ya redio, hizo betri, yalikuwa yamekwisha. Nikayaanika kwa mabati siku mbili, jua liyape nguvu. Tukarekodi. Tukasikiza na hayo hayo, ikatoka tamu." Akageukia baba yake. "Papa, ni mimi."

"Nyamaza, mtoto."

"Ni mimi niliyaanika, na mimi ndiye nilipeleka."

"Kila mtu Bokoli anaanika mawe ya redio. Ulitaka uanike nini, ugali?" Mzee alisema hivyo bila kumwangalia, lakini mkono wa kushoto ulitoka kwa goti ukashika wake. "Wewe ulisema asikize zote sita. Sikio, alisema ama hakusema?"

"Alisema."

"Na ungesikiza?"

"Zingenishtua, Mzee. Wimbo wa sita unakimbia kuliko wa kwanza, betri zilikuwa zinaendelea kufa. Hakuna mtu anaimba hivyo. Ningeshuku." Akaangalia redio. "Sikufika huko."

Nekoye akapangusa uso na kona ya leso.

Wimbo wa sita ulipofika katikati, betri za Gachanja zikachoka kabisa. Sauti ikazama, ikazama, ikakaa kama ng'ombe mzee analala chini, ikaisha. Watu mlangoni wakacheka kwa upole. Kimaiyo alikuwa ameweka kamera begani saa ile ile betri mpya zilianza kutolewa, na hakuna mtu alikuwa amemkataza.

"Sasa niandikie tena," mzee akasema. "Hapa. Kwa mdomo. Umesikiza."

Jotham alisimama. "Mzee, ni tamu. Zote ni tamu. Sijawahi kusikia litungu inapigwa—"

"Usinipake mafuta. Mimi si mkate."

Watu wakaangua kicheko. Mguu wa Jotham ulitaka kuanza, akaukanyaga na ule mwingine. Alifunga macho, akarudi kwa kaseti, kutoka mwanzo.

"Wimbo wa tatu," akasema. "Uzi wa nne ulikuwa umelegea. Na wewe ulijua, kwa sababu kutoka hapo katikati hukuugusa tena. Uliupita kando mpaka mwisho. Mtu mwingine angesimama akaze. Wewe ulitengeneza wimbo mwingine bila huo uzi."

Nekoye alianza kuinuka, anafikiri mgeni ametukana tena. Halafu mkono wa kushoto wa mzee ukapiga goti, pa!

"Nekoye! Si nilikwambia huo uzi? Si nilikwambia hiyo siku? Miaka kumi nangoja mtu aseme huo uzi!" Macho yalikuwa yamejaa na hakuyapangusa. "Kumbe una sikio, wewe mjinga. Ulikuwa umeliweka wapi?"

Halafu akatoa masharti, na hayakuwa mengi. Ile maneno ilisomwa sokoni, kwa hivyo Jotham aisome tena sokoni, Bokoli, siku ya soko, kamera ikiona, halafu aseme betri. Na alete mbuzi. Mbuzi halisi, wa kufungwa hapa bomani, ili watu walinganishe.

Jotham alifanya yote mawili. Sokoni alisoma ile nusu ukurasa, watu wakacheka pale walipocheka 1984, na aliposema betri kicheko kilikatika, wakaanza kumzomea. Nekoye mwenyewe ndiye aliwanyamazisha. "Mwacheni amalize," alisema. "Hajazoea kumaliza." Watu wa Nairobi wa filamu walipoona hicho kipande waliandika barua: kiondolewe, ama majina yao yaondolewe. Jotham alijibu kwa mstari mmoja, na majina yakaondolewa. Mabango yalikuwa yamesambaa tayari, kwa hivyo Kimaiyo alizunguka Bungoma na kopo la rangi, polepole vile yeye hufanya, akafuta neno moja kwa kila bango. Likabaki "Sikio" peke yake, na mtu ameshika sikio kama linamuuma.

Siku yenyewe, saa nane mchana, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mzee Nyukuri aliketi mbele kabisa, koti jipya, Nekoye kando yake. Jotham alikataa kiti. Alisimama nyuma, mkono umeshika mlango, na mguu, wacha tu, ulikuwa unatingika mpaka mbao inalia. Walimu wawili waliokuwa wakimwalika shuleni walikuwa wametoka wakati wa kile kipande cha soko. Walipita kando yake bila salamu.

Kwa pazia la filamu, betri zilibadilishwa, moja ikaanguka, mkono wa Kimaiyo ukaonekana ukiiokota. Sauti ikashuka. Picha ikaruka nje ya nyumba ya mzee, yule mbuzi wa faini aliyeletwa baadaye akalia meee, na ukumbi ukacheka, halafu ukasikia tofauti, ukanyamaza wote pamoja.

Wimbo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaanza. Jotham alisukuma mlango kidogo, jua likamgusa mguu. Alikuwa amesikia huu wimbo mara hamsini akikata filamu, anajua kila kitu, angeweza kwenda nje apumue.

"Hapo!" mzee akapaza sauti kutoka mbele, mkono wa kushoto juu. "Hapo! Mmesikia uzi?"

Ukumbi mzima ukageuza sikio. Jotham akavuta mlango, akaufunga, akabaki ndani.